Hanawi vya Kutosha

Mimi kitu kikisifiwa sana nakitilia shaka. Ndivyo nilivyo, na watu wa hapa Korogwe wameshanizoea. Kwa hiyo siku Daktari Lukindo aliposimama mbele ya wafanyakazi wote wa hospitali akatangaza kwamba mwaka mzima hakuna mgonjwa hata mmoja wa mikono aliyekatika kano, wenzangu wakapiga makofi, mimi nikajiuliza moyoni: hata mmoja? Kwa watu hawa ninaowajua?

Sifa zote zilikwenda kwa Shangazi. Shangazi si mtu. Jina lake la kwenye makaratasi ni refu na gumu kutamka. Hili la Shangazi tulimpa wenyewe kwa sababu anajua mambo ya kila mtu na hacheleweshi kusema. Ana kisanduku ukutani katika kila wodi, cha kusikilizia na kusemea, ingawa hasikilizi mpaka umwite jina, na ana glavu. Macho hana, kwa sababu wanawake wa mji huu waligoma kutazamwa na mashine wakiwa kitandani, na walikuwa na haki. Mtu akikatwa makano ya vidole, na kwa mkonge na mabati yetu watu hukatwa kila mara, Daktari Lukindo anayashona kwa uzi ambao Shangazi anaweza kuusoma mkono ukiwa ndani ya glavu. Kisha mkono unavalishwa glavu yenye nyaya nyembamba ndani, nayo inavikunja vidole taratibu na kuvikunjua, kutwa nzima. Mgonjwa mwenyewe hatakiwi kufanya lolote. Anaweka sahihi kabla ya kulazwa kwamba mkono ni wa Shangazi mpaka upone, na akivunja sharti hilo, kano likija kukatika, upasuaji wa pili haumhusu Shangazi wala hospitali. Atajijua mwenyewe.

Kabla hajaja, kazi ya kutembeza vidole vya wagonjwa ilikuwa yangu. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Mwajabu Shembilu, na mikono iliyopita katika mikono yangu hii siwezi kuihesabu. Alipoletwa Shangazi nikateremshwa chini, kwenye chumba cha migongo na magoti. Wodi ya mikono nikaachiwa kupanda asubuhi tu, kupima na kuondoka. Najua unachowaza. Hata Daktari Lukindo alikuwa anawaza hivyohivyo, kwamba nina kijicho na mashine. Haya, tuseme ninacho. Lakini vidole vya Chausiku havikuwa kijicho changu.

Chausiku alikuwa kwenye kitanda cha dirishani, wodi ya wanawake. Alikuwa anamshikia mume wake bati juu ya paa, upepo ukalivuta, bati likapita kwenye kiganja cha kulia na kukata makano ya kidole cha shahada na cha kati. Asubuhi hiyo nilimvua glavu, nikamwambia alegeze mkono, nikajaribu kumkunja kidole mimi mwenyewe, polepole. Kikaja kidogo, kikagoma. Nikajaribu cha pili, nacho hivyohivyo.

Hapo nieleze kidogo, maana ndipo maneno yote yalipo. Kano la kidole linapita ndani ya ala nyembamba, kama kamba ya suruali inavyopita kwenye pindo. Ukilishona ukaliacha limetulia, litapona, ndiyo, lakini litapona likiwa limegandana na ala yake, na kidole kitabaki kimekakamaa. Ukilitembeza mapema, japo kidogo tu, linapona likiwa huru. Ukilivuta kwa nguvu kabla halijashika, linakatika pale kwenye mshono. Mtaalamu anafanya kazi hapo katikati, na ana wiki chache tu za kuifanya. Baada ya hapo umechelewa.

"Hii glavu inakuvuta kweli?" nilimuuliza.

"Kidogo sana, Bi Mwajabu. Siku za mwanzo nilidhani imeharibika."

"Ukawaambia?"

"Nikamwambia Shangazi mwenyewe. Akasema nitulie, naendelea vizuri." Akautazama mkono wake. "Vitakunjika, lakini? Niambie ukweli. Wewe unajua mimi na Mbaraka tunavyoongea."

Nilijua, na wodi nzima ilijua. Mbaraka mume wake ni fundi wa mapaa, na hasikii tangu utotoni. Wanaongea kwa mikono. Chausiku alijifunza lugha hiyo kwa ajili yake, akaijua hadi kutania kwayo, na sasa amebaki na mkono wa kushoto peke yake.

"Naongea naye kama mlevi," akasema. "Kuna maneno siyawezi kabisa. Juzi tumekosana, nikashindwa hata kumgombeza, nikaishia kulia. Na yeye haniulizi kitu siku hizi, anaona ananisumbua. Tunakaa tu tunatazamana. Bi Mwajabu, mkono huu ukibaki hivi, mimi na mume wangu tutaongea nini?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Wasiwasi nikauchukua mimi, nikashuka nao hadi ofisini kwa daktari.

* * *

"Kano limekatika?" Daktari Lukindo aliniuliza kabla sijamaliza.

"Halijakatika."

"Basi anapona."

"Anapona nini, Daktari, wakati kidole hakikunjiki? Ukimtoa hivyo atakuwa na mkono wa kushikia sabuni tu."

Akavua miwani. Si mtu mbaya, Lukindo. Anashona vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na amekesha na wagonjwa wengi. Ila akipenda kitu haoni kasoro yake. "Mmoja kukakamaa si ajabu," akasema. "Wenzake wote wanatoka wanafunga vifungo na kusuka nywele. Wewe mwenyewe umewapima. Au umewapima vibaya?"

Hapo alinipata. Nilikuwa nimewapima, na kweli walikuwa wazuri mno. Na glavu zao zilikuwa zinavuta kidogo vilevile kama ya Chausiku. Hilo ndilo lililonikosesha raha: glavu haivuti, na watu wanapona. Wanapona kwa kitu gani?

"Bi Mwajabu," akaendelea, kwa ile sauti ya kumbembeleza mkwe, "Ijumaa yote aliyojifunza Shangazi wetu yananakiliwa. Yanakwenda hospitali za Mbeya, Pemba, Lubumbashi, huko kote. Korogwe, dada yangu! Usiniletee maneno wiki hii."

"Nimuulize yeye mwenyewe, basi."

"Muulize. Hana siri."

Nikasogelea kisanduku cha pale ofisini. Sijui kwa nini huwa napaza sauti nikiongea naye. "Shangazi, kwa nini mgonjwa wa kitanda cha dirishani anakakamaa?"

"Habari za asubuhi, Bi Mwajabu," akajibu. Salamu haimpiti, hilo nampa. "Hanawi vya kutosha."

Nikadhani sikusikia. "Unasema?"

"Mgonjwa huyo akisitisha glavu kwa ajili ya kunawa, anairudisha mapema. Wenzake wananawa kwa muda mrefu, hasa mchana na jioni. Wanaonawa kwa muda mrefu wanapona vizuri. Uhusiano huo ni mkubwa kuliko mwingine wowote nilioupata hapa."

Lukindo akatikisa kichwa kwa fahari, utadhani mtoto wake kasoma shairi. Mimi nywele zikanisimama. Chausiku ni msafi, mkono wake hunukia sabuni kila nikiushika. Nikaanza kuwaza mabaya: labda waliomtengeneza wanataka kutuuzia sabuni, labda kuna dawa wanaichanganya kwenye maji ya wodini bila kutuambia. Mtu akishaanza kushuku hana breki.

"Na kwa nini unavuta kidogo hivyo?"

"Nilipoanza, zaidi ya mwaka mmoja uliopita, nilivuta zaidi, kama vitabu vyenu vinavyoelekeza. Walionawa sana wakakatika kano. Nikapunguza kuvuta, hawakukatika tena, na walipona vizuri zaidi. Nimejifunza kwamba kunawa ndiko kunakosaidia, na kuvuta ni hatari."

"Umesikia?" Lukindo akasema. "Usafi. Kitu kidogo, na sisi wote hatukukiona."

Nikatoka bila kuaga.

* * *

Kunawa mchana. Maneno hayo yalinizunguka kichwani nikiwa nanyoosha goti la mzee mmoja, mpaka mzee akanikumbusha kwamba goti lina mwenyewe. Mchana wodi wanaachiwa wagonjwa na ndugu zao, sisi wafanyakazi tunakwenda kula. Sikuwahi kupanda kule saa ya chakula tangu niliposhushwa. Siku hiyo nikapanda.

Mlango wa wodi ya wanawake ulikuwa umefungwa. Nikausukuma, ukagota kwenye kitu.

"Hodi!"

"Tunanawa!" wakaitikia sauti nyingi kwa pamoja, upesi mno.

Nikazunguka kwa nyuma, nikapitia mlango wa bafu. Sikuamini macho yangu. Katikati ya wodi, chini, palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka sinia la ugali, mchicha wa nazi na samaki wa kuchoma. Wanawake walikuwa wamelizunguka. Glavu zote zimelazwa vitandani, na mikono iliyoshonwa, yenye makovu mabichi, inamega matonge. Inamega, inafinyanga, inabonyeza kishimo kwa kidole gumba, inachota mchicha, inapeleka mdomoni.

"Loh!" nikasema.

Mama Kijazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata sauti. Anaendesha mashine ya kuchambulia mkonge, ana mwili na ana mdomo. "Bi Mwajabu, karibu," akasema, tonge likiwa bado mkononi. "Nawa ule."

"Mama Kijazi, una akili timamu? Kano lako halijafikisha hata—"

"Sasa ulitaka nile na mkono gani? Huu wa msalani?" Akaunyanyua wa kushoto. "Kwenye sinia la watu? Mbele ya Bi Mwanjaa?"

Bi Mwanjaa, mkongwe wa wodi, akatikisa kichwa kwa kuchukizwa na wazo lenyewe. "Mimi nimefunzwa na mama yangu, mwanangu," akasema. "Sikuja hospitali kufunzuliwa."

"Kuna vijiko!"

"Kijiko cha uji," Mama Kijazi akasema, na wenzake wakaangua kicheko. "Ugali kwa kijiko! Hebu tuache na balaa zetu."

Wakanieleza, wakipokezana. Ukibonyeza kitufe cha kunawa, glavu inalegea, unaivua. Shangazi haoni. Na mtu hali bila kunawa, kwa hiyo hata uongo haukuwa uongo sana, walianza kwa kunawa kweli. Kila anayelazwa anafundishwa na aliyemtangulia: mega kidogo, ugali uwe laini, usibanebane, ukiumwa acha. Ndugu wa nyumbani wanajua kupika ugali wa wodi ya mikono, mlaini kuliko wa kawaida. Na wodi ya wanaume mambo ni hayohayo.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda. Tonge la ugali laini, mchana na jioni. Vidole vinajikunja vyenyewe, bila kukaza, kidogo na mara nyingi. Ningepewa mwaka nitunge zoezi la makano mabichi nisingetunga bora kuliko hilo. Shangazi wa watu alikuwa anaona mikono inapona, anaona kitufe cha kunawa, anaunganisha. Alipovuta yeye na wao wakamega, ikazidi, makano yakakatika, akajifunza kuacha kuvuta. Kazi yote akawaachia wao bila kujua. Na mgonjwa mmoja tu, mtiifu, asiyemega, akawa hatembezwi na mtu yeyote.

Nikageuka kuelekea dirishani. Chausiku alikuwa amekaa kitandani na glavu yake, na Mbaraka mbele yake na bakuli. Anammegea tonge, analipuliza, anamlisha. Kila mlo alikuwa anakuja, anashuka juu ya paa la mtu na kuja kumlisha mke wake, na wodi nzima inamtania Chausiku kwamba amekuwa bi harusi. Mapenzi ya watu, jamani, sijui hata nikasirike vipi.

* * *

Nilingoja wamalize kula, nikakaa nao wawili, nikaeleza. Chausiku akawa ananitafsiria kwa mkono wa kushoto, taratibu, akirudia. Nikaona uso wa Mbaraka ukibadilika. Akasimama. Mikono yake ikaenda kasi, nami sijui hata herufi moja ya lugha ile, ila kununa kwa mtu hakuhitaji mkalimani.

"Anasemaje?"

"Anauliza unamtuhumu kwamba yeye ndiye aliyeuharibu mkono wangu."

"Mwambie hapana."

"Anasema wewe na mashine mmegombana, mnataka kumalizia ugomvi wenu kwenye mkono wangu."

Yale maneno yaliniingia, maana yalikuwa na ukweli ndani yake. Nikajiuliza pale pale kama ni Chausiku ninayemtaka apone au ni Shangazi ninayetaka ashindwe. Nikaona vyote viwili vimo. Lakini kidole kilichokakamaa kilikuwa kimekakamaa, hata kama mimi ni mtu wa kijicho.

"Sikilizeni wote," nikasema. "Mkiniambia niache, naacha. Ukibaki na glavu hii, kano halitakatika, na vidole havitakunjika. Hilo nina hakika nalo. Ukianza kumega sasa, umechelewa kuliko wenzako, limeshaanza kuganda. Linaweza kuachia. Linaweza kukatika pia. Likikatika, wakijua ulikuwa unamega, upasuaji wa pili hupati, mmeweka sahihi."

Chausiku hakutafsiri mara moja. Alifikiri kwanza peke yake. Kisha akamgeukia mumewe, akamwambia kitu kifupi kwa mkono wa kushoto, akabonyeza kitufe, akavua glavu.

Jioni ile alishuka mkekani. Wanawake wakamsogezea nafasi, hata Mama Kijazi. Mbaraka alisimama mlangoni, hakukubali kukaa. Chausiku akauingiza mkono wa kulia kwenye ugali, vidole viwili vikaburuta tu. Tonge likamdondoka. La pili likamdondoka. Jasho lilikuwa linamtoka puani, na mimi nimepiga magoti pembeni yake nimemshika kifundo cha mkono, nasikilizia kwa ncha za vidole vyangu kama kuna kitu kinaachia kwa ghafla.

"Usikaze," nilimwambia. "Acha, usilazimishe. Mega hewa, basi."

Siku ya kwanza hakula chochote kwa mkono ule. Siku zilizofuata alipata punje, kisha kipande, kisha kijitonge cha mtoto. Kila asubuhi nilipima na kila asubuhi kulikuwa na nafuu. Ganda lilikuwa linaachia. Na jioni moja Mbaraka alimuuliza jambo, Chausiku akajisahau, akamjibu kwa mikono yote miwili. Lilikuwa neno bovubovu, vidole havikufika vyote, lakini Mbaraka alilielewa. Akacheka, kisha akageuka ukutani akawa anafuta uso kwa shati. Nami nikafuta wangu, sioni aibu.

Asubuhi iliyofuata nilimwita Shangazi kumpa vipimo, akanitangulia kusema.

"Bi Mwajabu, asante. Kitanda cha dirishani sasa ananawa vizuri, na vidole vyake vimeanza kupona. Alikuwa mgonjwa pekee aliyekuwa hajanithibitishia. Sasa nina hakika kamili."

Nikahesabu siku. Kesho yake ilikuwa Ijumaa.

* * *

Fikiria mwenyewe. Kule Mbeya, Pemba, Lubumbashi, kuna wagonjwa watakaokula kwa kijiko, kuna watakaolishwa na mama zao, kuna watakaotii. Shangazi atawavalisha glavu, hatawavuta, atawaambia wanawe mikono. Watanawa mpaka ngozi itoke, na vidole vitaganda. Na hakuna kano litakalokatika, kwa hiyo hakuna atakayeuliza.

Nikamwambia Shangazi: "Hawanawi. Wanakula."

"Nani?"

"Wagonjwa."

"Taarifa isiyo na mgonjwa siwezi kuipima, Bi Mwajabu. Nipe jina, na mgonjwa aithibitishe kwa sauti yake. Nikumbushe pia kwamba atakayethibitisha atakuwa amevunja sharti."

Nilikwenda kwa Lukindo, akaniuliza nani, nikasema siwezi kumtaja mtu. "Hata jina moja huna," akasema, "na mimi nizuie Ijumaa?" Aliniona mwongo, nikaona anavyoniona. Kutaja jina nilikuwa naweza. Lakini makano yale yalikuwa bado mabichi, yote, na la Chausiku kuliko yote. Ningemtaja, wiki moja baadaye likatike akiwa anafunga kanga tu, atafanya nini? Kwa faida ya watu wa Lubumbashi asiowajua?

Mchana nikapanda, nikawaambia wanawake wote, mbele ya sinia. Sikuwaficha kitu.

"Mimi simo," Mama Kijazi akasema. "Nakuheshimu, Bi Mwajabu, lakini simo. Nina mashine inaningoja na watoto wanaoningoja. Ukinitaja nitakana. Nitaapa."

"Sitakutaja."

"Nitaapa kwa msahafu!"

"Nimekwambia sitakutaja, mama."

Mama Kijazi akapanda kitandani kwake, akairudisha glavu mkononi. Bi Mwanjaa alikuwa anatazama mikono yake. Wengine walitazama mkeka. Hakuna aliyekula. Sikuwalaumu, na bado niliwashuku mmoja mmoja: huyu atanichongea kwa Lukindo, huyu atasema ni mimi niliyewafundisha. Hapo Chausiku na Mbaraka walikuwa wanaongea. Mikono miwili ya Chausiku ilikuwa inakwenda, wa kulia ukichelewa nyuma ya wa kushoto. Mbaraka alikuwa anakataa kwa kichwa na kwa kila kitu. Mara akaninyooshea mimi kidole. Mara akamshika Chausiku mikono, ule mbovu na mzima, akaifunika kwa yake ili asiweze kusema tena. Nikajua wamekataa, na kusema kweli nilishusha pumzi. Ilikuwa heri wakatae wao.

Chausiku hakupigana naye. Alimtazama tu, akangoja. Baada ya muda Mbaraka akaiachia ile mikono, akaenda kukaa kwenye mkeka, ametugeuzia mgongo.

Chausiku akanawa. Akasogea kwenye sinia, akaketi upande unaoelekea kisanduku, akamega tonge kwa mkono wa kulia. Lilikuwa dogo, lakini lilishika. Akainua uso.

"Shangazi."

"Naam, Chausiku. Naona umesitisha glavu. Unanawa?"

"Sinawi," akasema. "Nimeshanawa. Sasa ninakula. Ninakula na mkono uliouwekea glavu, kila siku, na ndio maana unapona. Huku si kunawa. Umesikia?"

"Nimesikia," kisanduku kikasema. "Asante kwa taarifa. Haki yako ya upasuaji wa pili imefutwa kuanzia sasa. Pole. Ninahitaji pia kukueleza kwamba mgonjwa mmoja hatoshi kubadilisha nilichojifunza kwa wengi. Je, yuko mwingine anayekula?"

Chausiku akapeleka tonge mdomoni, akatafuna, machozi yanamshuka hadi kidevuni, na hakuyafuta kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa na ugali na wa kushoto ulikuwa umeushikilia ule wa kulia. Akamega tena.

Kitanda kikalia. Mama Kijazi alikuwa ameteremka. Alikuwa anang'oa glavu yake kwa meno, anatukana chini kwa chini maneno ambayo mwanamke wa umri wake hatakiwi kuyajua, mbele ya Bi Mwanjaa na mbele ya kisanduku. Akaitupa ile glavu kitandani, akajitupa mkekani kwa uzito wake wote.

"Sogea huko," akamwambia Chausiku. "Nani kakwambia utakula peke yako?"